Kiti Kilichofungwa kwa Vidole

Kiti cha lori la zamani hakifungwi mara moja. Hilo nilifundishwa na mjomba wangu, aliyenichukua kwenye karakana yake mwaka niliomaliza darasa la saba, na mpaka leo, nikiwa na mvi kwenye ndevu, sijapata njia iliyo bora kuliko yake. Mara ya kwanza unakifunga kwa bolti nne fupi, nyembamba, unazipitisha kwenye matundu marefu ili kiti kiweze kusogea, na nati unazizungusha kwa vidole tu, bila spana, bila washa ya kukaa chini ya nati. Kiti kinasimama, kinapendeza machoni, lakini hakijashika. Hapo unamwita mwenye gari. Anapanda, anakaa, anakanyaga klachi, anakanyaga breki, anashika usukani, na wewe unamtazama magoti. Akisema mbele, unakivuta mbele. Akisema nyuma, unakirudisha. Akiridhika unachora kwa chaki, unamteremsha, unatoboa matundu ya kweli na kuweka bolti nene. Chini ya sakafu kila bolti unaipa kibamba cha chuma cha upana wa kiganja, ili bati lisije likararuka. Ndipo unashika spana na kukaza mpaka mishipa ya shingo ikutoke.

"Kiti hufungwa mara mbili," mjomba alikuwa akisema. "Mara moja kwa ajili ya mtu, mara moja kwa ajili ya barabara."

Nimefanya hivyo zaidi ya miaka thelathini. Ni siku moja tu gari liliondoka kabla sijafunga mara ya pili, na ndani yake walikuwamo baba mkwe na mama mkwe wangu.

Niliingia kwenye kazi ya viti kwa sababu ya kelele za cherehani. Shuleni, mwalimu aliponiinua nisome kwa sauti, maneno niliyaona vizuri kabisa kwenye ukurasa, lakini yalikataa kupita kooni, na darasa zima likawa linasubiri kama watu waliopanga foleni kwenye bomba lililokauka. Kwa mjomba cherehani ilinguruma kutwa nzima na hakuna aliyetaka niseme kitu. Nilishona, nikanyoosha springi, nikajaza sponji, nikawa fundi. Kwenye gereji ninakofanyia kazi sasa wananiita Kimya. Aliyenipa jina hilo ni fundi rangi, ambaye kibanda chake kiko ubavuni mwa changu, na ambaye amejaliwa mdomo wa watu wawili. Nadhani mmoja ulikuwa wangu.

"Wahenga walisema kinywa ni jumba la maneno," hunichokoza. "La kwako, Kimya, mwenye nyumba kasafiri."

Wa kunitia hofu kuliko watu wote alikuwa baba mkwe. Hajapata kunitukana wala kunipandishia sauti. Ni mtu mrefu, mkavu, aliyeendesha lori la mawe miaka thelathini na mmoja bila kugonga hata kuku, na akikutazama anakutazama kama anavyotazama kona asiyoona mwisho wake. Siku nilipokwenda kwake kujitambulisha, nilikaa saa mbili sikufungua kinywa. Mwishowe akamgeukia shemeji yangu akauliza, "Huyu bwana anaongea, au mnamwongelea siku zote?" Watu wakacheka. Mimi nikatazama viatu vyangu. Miaka kumi na tisa imepita tangu hapo, na bado ni viatu ninavyotazama. Akiingia, nasimama. Akiuliza, mke wangu anajibu. Ndiyo Baba, hapana Baba, ahsante Baba: hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote, na ukiyaandika hayajazi mgongo wa bahasha.

Lori lenyewe ni lile lile aliloliendesha kazini. Alipostaafu, lori nalo likastaafu pamoja naye, likakaa nyuma ya nyumba miaka kumi na mmoja. Majani yaliota kati ya magurudumu na kuku wakawa wanataga ndani ya kebini. Kisha siku moja, bila kushauriana na mtu, aliamka akasema lori halikufa, limelala. Akaanza kuliamsha. Mekanika akafufua injini. Fundi wa kuchomelea akakata sakafu yote ya kebini iliyoliwa na kutu, akaweka bati jipya. Fundi rangi akaliogesha buluu. Halafu mke wangu akaniletea ujumbe mezani.

"Baba anasema kiti ni chako."

Nilifurahi kwa dakika moja hivi. Baada ya hapo nikaanza kuogopa.

Kilikuwa kiti kirefu, kama benchi, cha kukaliwa na watu watatu, na ndani yake nilikuta maganda ya mayai na manyoya ya kutosha kujaza mto. Springi zilikuwa arobaini na mbili. Kumi na saba zimekatika. Fremu imepinda upande wa dereva, kwa uzito wa mtu mmoja aliyekalia sehemu moja miaka thelathini na mmoja. Niliinyoosha. Nikashona juu yake gunia jipya, nikaweka sponji ngumu ili mgongo wa mzee usizame, nikafunika kwa ngozi ya bandia ya rangi ya kahawia, yenye mishono minne iliyonyooka kama reli. Wiki tatu. Fundi rangi alikuja akaketi juu yake, akaruka-ruka, akasema, "Kimya, kwa kiti hiki mkweo atakupa binti wa pili." Nilimwomba ateremke kabla hajakichafua.

Asubuhi ya Alhamisi nikakifunga ile mara ya kwanza. Bolti nne nyembamba, nati nne za vidole. Nikampigia mke wangu amwambie Baba aje akae, apime magoti. Lori lilikuwa langoni, pua imeelekea barabarani, kwa sababu fundi rangi alilisogeza huko apate mwanga wa kuangalia kama rangi imetoka sawa.

Nilitegemea angekuja peke yake. Alikuja na mama mkwe. Yeye amevaa shati la kazini lililopigwa pasi mpaka kola inakata, na Mama amevaa viatu vya kutokea na mkoba umening'inia kwenye kiwiko. Ule mkoba niliutazama mara mbili. Mtu haji na mkoba kupima kiti.

Nilisimama. Nikatazama viatu.

"Shikamoo Baba. Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu," Mama akasema. "Jamani, hili ndilo lile banda la kuku?"

Baba mkwe akatupita. Alilizunguka lori lote akiwa ameweka mikono nyuma. Akapanda, akakaa. Akakanyaga klachi, akakanyaga breki, akashika usukani. Nikaona magoti yake, na hata kwa hofu niliyokuwa nayo niliona yamekaa pale yanapotakiwa. Akapapasa ngozi kwa kiganja, polepole, toka ubavuni mwake hadi katikati.

"Imekwisha?" akauliza.

Swali lilikuwa langu. Nilijua ni langu. Lakini fundi rangi, aliyekuwa anafuta bampa kwa kitambaa, alidhani mzee anaulizia rangi. "Imekwisha kabisa, Mzee! Hata nzi akitua anateleza!"

"Mama, panda," akasema baba mkwe.

Na Mama akapanda.

"Baba, bado kidogo," nilisema. Naapa nilisema. Ila nilisema kwa sauti ambayo ilitoka kinywani ikaishia kwenye kola ya shati langu, na hapo hapo injini ikawaka, na injini ile haikujengwa kwa ajili ya kusikilizana. Nilipiga hatua mbili. Nilinyoosha mkono. Mama mkwe alidhani ninampungia, naye akanipungia.

"Tunakwenda machimboni kuwasalimu wenzake!" akapaza sauti kutoka dirishani. "Saa sita tumerudi!"

Lori likaingia barabarani, likaondoka taratibu, jinsi alivyokuwa akiliendesha siku zote.

Ninaandika hili kwa aibu: sikukimbia. Nilisimama langoni nikiwa na chaki mkononi, nikaanza kujidanganya. Nikasema barabara ni ya lami mpaka kwenye mti wa simu wa mwisho. Nikasema Baba haendi mbio. Nikasema nikimpigia sasa nitamwaibisha mbele ya mkewe, ataona nimefanya uzembe, na mke wangu ataulizwa. Nikachukua ufagio nikaanza kufagia pale lori lilipokuwa limesimama, kama mtu mwenye shughuli zake. Ufagio ukasukuma kitu kidogo kikang'aa kwenye udongo uliolowa oili.

Nati.

Niliiokota. Ilikuwa bado na alama ya vidole vyangu vyenye grisi. Ilidondoka pale pale, kwa mtikisiko wa injini tu, hata kabla lori halijapita geti. Zilibaki tatu, na njia ya machimboni nilikuwa naijua: inapanda kilima, halafu inateremka mteremko mmoja mrefu mpaka kwenye daraja jembamba la mto, lisilo na kingo. Lori lile breki zake ni za zamani, nzito, dereva anazisukuma kwa mguu na mgongo wote. Ukisukuma breki kwa mguu, mgongo unasukuma kiti. Kiti kikirudi nyuma, mguu unabaki unakanyaga hewa.

Nilitupa ufagio. Nilishika ukuta.

"Vipi wewe?" fundi rangi akauliza. "Umekuwa wa kijivu. Hiyo rangi sikukupaka mimi."

"Pikipiki yako," nikasema.

"Ina nini?"

"Kiti hakijafungwa."

Alicheka. Akanitazama. Akaacha kucheka. Nilitupa kwenye begi spana, drili ya mkono, bolti nene na vibamba vyangu, akawasha pikipiki, nikapanda nyuma yake. Na mimi pikipiki naiogopa. Siku zote nilikuwa nakwenda kazini kwa miguu. Siku ile sikukumbuka.

Nikampigia baba mkwe. Iliita mpaka ikakatika. Nilijua haitapokelewa, maana ana sheria yake ya tangu zamani, dereva mwenye simu sikioni ni marehemu asiyejijua. Nikampigia mama mkwe. Iliita ikakatika. Simu yake hukaa chini kabisa ya mkoba, chini ya miwani, leso, funguo na vidonge vya presha. Nikapiga tena. Tulikuwa tunapanda kilima, upepo unanipiga machoni, machozi yananitoka, sijui kama ni ya upepo.

"Haloo? Nani?"

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani? Ongeza sauti, lori linanguruma!"

"Mama, mpe Baba simu."

"Anaendesha, mwanangu. Si unamjua na masharti yake?"

"Mama, mpe!"

Sauti iliyotoka sikuitambua. Hata fundi rangi aligeuza kichwa, pikipiki ikayumba. Upande wa pili kukawa na mkwaruzo, nikasikia Mama akisema, "Sijui, ni sauti ya mwanamume, anafoka," na baadaye pumzi ya mtu mwingine.

"Nani?"

"Ni mimi, Baba. Mkweo."

"Mkwe gani?"

Kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kumpigia simu. Hakuijua sauti yangu.

"Wa kiti, Baba. Baba, hicho kiti hakijafungwa. Nimekishikiza kwa vidole tu ili ukipime. Nati moja imeshadondoka hapa gereji."

Injini ilinguruma sikioni mwangu. Nikahesabu: moja, mbili, tatu.

"Mbona kimetulia?" akasema.

"Kilitulia kwa sababu hujabana breki. Uko wapi sasa?"

"Tumeshapita kileleni. Tunateremka."

Nilimpiga fundi rangi begani asimame. Sikuweza kusikia vizuri tukiwa mwendoni, na niliona ni heri kusikia kuliko kufika. Tulikuwa karibu na kilele. Nikaruka chini, nikakimbia hatua chache na begi likinigonga mgongoni, nikaliona. Chini yetu, mbali, lori la buluu kwenye barabara nyekundu, dogo kama kiberiti, linakwenda kwenye daraja.

"Baba, uko gia ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Usikanyage breki kwa nguvu."

"Nimeshakanyaga." Alipoendelea sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa nyembamba. "Kimerudi nyuma."

"Kiasi gani?"

"Upana wa kiganja. Na upande wangu kimeinuka mbele."

Niliona kwa macho ya akili kila kitu kilichokuwa kinatokea chini ya sakafu ile. Nati ya pili imetoka, ya mbele, upande wa dereva. Zimebaki mbili. Kiti kimening'inia kama mlango wenye bawaba moja. Akikanyaga tena kwa mgongo, kitapinduka kumlaza chali, na miguu itaelekea kwenye paa la kebini. Maneno yakaanza kukataa kutoka, kama zamani darasani. Na hapo nikasikia, nyuma ya sauti ya injini, mama mkwe akiuliza taratibu, "Kuna nini, Baba Watoto? Kuna nini?"

"Baba, nisikilize," nikasema. "Mgongo wako usiguse kiti. Jivute kwa usukani. Kaa kama mtu anayetaka kusimama. Umejivuta?"

"Nimejivuta."

"Usitumie breki ya mguu. Mama yuko karibu na breki ya mkono?"

"Iko katikati yetu."

"Mwambie aishike kwa mikono miwili. Avute jino moja tu, mpaka ilie mara moja. Moja. Asivute yote, lori litageuka ubavu."

Nikamsikia akimwambia. Nikamsikia Mama akisema, "Mimi? Mimi nitaua watu!" na yeye akasema, "Vuta, mama, jino moja," kwa upole ambao sikujua anao.

*Kra.*

Nililisikia lile jino kwenye simu kama limelia ndani ya kichwa changu.

"Bado linakwenda?"

"Linakwenda."

"La pili."

*Kra.*

"Bado?"

"Bado. Daraja naliona mbao zake."

"La tatu, Baba."

Hakikusikika kitu. Kisha Mama: "Limegoma! Mkono unauma, limegoma!"

"Mama!" nilipiga kelele, kana kwamba naweza kusikika bila simu toka juu ya kilima. "Weka miguu kwenye dashibodi, ujisukume, uvute!"

*Kra.*

Fundi rangi alikuwa amenishika mkono juu ya kiwiko, ananibana mpaka damu inasimama. Niliona lori limepunguza mwendo, lakini si kwa kutosha. Hata mtu asiye fundi angeona. Kabla ya daraja, upande wa kushoto, watu wa barabara walikuwa wamemwaga lundo la kokoto.

"Baba, hizo kokoto."

"Nimeziona kabla yako," akasema. "Nyamaza sasa."

Nikanyamaza. Lori liliacha barabara taratibu, kama mtu anayeingia kwenye nyumba ya watu, gurudumu la kushoto likapanda lundo, pua ikazama, vumbi likanyanyuka likafunika kila kitu. Simu ikakatika.

Sikumbuki jinsi tulivyoshuka ule mteremko. Nakumbuka vumbi lilikuwa bado halijatua tulipofika, na kwamba kati ya bampa la buluu na mbao ya kwanza ya daraja nilihesabu baadaye hatua ishirini na sita. Nilifungua mlango wa dereva. Baba mkwe alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, amening'inia juu yake, na nyuma yake kiti kilikuwa kimelala upande. Mama mkwe alikuwa amekwama kwenye kona ya mlango wake, kiatu kimoja hakipo, mikono yote miwili bado imeng'ang'ania breki.

"Niachie?" akaniuliza.

"Bado, Mama."

Nikatia mawe nyuma ya magurudumu na mbele yake, yote manne. Nikaongeza mengine. Fundi rangi akaniambia yanatosha, nikaongeza tena.

"Sasa achia."

Hakuweza. Fundi rangi akapanda upande wake, akamtoa vidole kimoja kimoja, akimsemesha kama mtoto, "Hicho kingine, Mama, hicho nacho, basi, tumemaliza." Akamsaidia kushuka, wakaanza kutafuta kiatu.

Baba mkwe aliteremka mwenyewe. Alisimama mbele yangu. Nikatazama chini, nikaona anaificha mikono yake nyuma.

"Kwa nini hukusema?"

Ningeweza kusema injini iliniziba sauti. Ningeweza kumtaja fundi rangi.

"Nilikuogopa, Baba."

"Uliniogopa mimi kuliko daraja?"

Nilifikiri. Sikutaka kumwambia uongo mtu aliyetoka kunusurika kwa uzembe wangu.

"Ndiyo," nikasema.

Alinitazama kama anavyotazama kona. Kisha akanyoosha mkono, nikadhani ananipiga kofi, na nilijua ninastahili. Alikuwa anataka begi.

"Lala chini ya lori," akasema. "Mimi nitashika juu."

Tulifunga kiti kile pale pale kwenye kokoto, mkwe na mkwe, bati moja katikati yetu. Alikaa, akapima magoti, nikachora chaki. Nikatoboa kwa drili ya mkono, tundu baada ya tundu, mabega yanawaka moto, chembe za chuma zinaniangukia usoni. Nati ya kwanza iliniponyoka mara nne. Juu yangu nilimsikia akisubiri, ameshika kichwa cha bolti kwa spana. Nilipokaza ya kwanza akaniuliza kupitia sakafuni, "Imeshika?"

"Imeshika."

"Sikusikii."

"Imeshika!"

Hivyo hivyo ya pili, ya tatu, ya nne. Kila mara hasikii. Mpaka nilipotoka chini ya lori nilikuwa nimepaza sauti kuliko nilivyowahi kupaza tangu nizaliwe, na koo linaniuma.

Akanisogeza kwenye mlango. "Sukuma."

Nikakisukuma kiti kwa mikono miwili.

"Kwa mguu."

Nikaweka mguu nikasukuma kwa mwili mzima. Lori lilitikisika, kiti hakikutikisika.

"Sasa mwambie mama yako. Mimi sitamwambia, hatanisadiki tena."

Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya jiwe kando ya barabara, amevaa viatu vyote viwili, mkoba mapajani. Nilimwendea. Kwa mara ya kwanza nilimtazama usoni. Ana alama ndogo ya kovu juu ya nyusi ambayo sikuwahi kuiona.

"Mama, kiti kimekaza. Bolti nne nene, vibamba vinne chini. Nimekisukuma kwa mguu."

"Nimekusikia, mwanangu. Mpaka ng'ambo ya mto wamekusikia." Akasimama, akajifuta vumbi. "Na ninakuamini kabisa. Ila mimi nitatembea."

"Ni maili tatu, Mama."

"Nilizitembea nikiwa na mimba ya mkeo."

Hakuna aliyebishana naye. Fundi rangi alimwomba ampakize kwenye pikipiki, akaambiwa hicho nacho ni kiti, na leo amemalizana na viti. Baba mkwe alilitoa lori kwenye kokoto, akaligeuza kuelekea nyumbani, kisha akagonga nafasi ya kando yake kwa kiganja.

"Wewe panda."

Nilipanda. Nikakaa pale Mama alipokuwa amekaa, ninaogopa, mkono wangu wa kulia umeshika fremu chini ya ngozi kusikiliza kama kuna kinachocheza. Hakuna kilichocheza. Tulipanda kilima kile chote kwa gia ya kwanza, nyuma ya mwanamke mwenye mkoba ambaye hakugeuka hata mara moja, na fundi rangi anatufuata na pikipiki yake kama msindikizaji. Kila baada ya hatua kama mia baba mkwe aliuliza, macho yake barabarani, "Kinashika?"

Na mimi nikajibu, kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Kinashika, Baba."